Leseni za mawakala wa dhamana California: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Aliyezoea dhamana za Dar es Salaam anajua utaratibu: wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha NIDA, na aliyedhaminiwa anatoka. Nairobi mdhamini huja na hati ya shamba au logibuku ya gari, au jamaa wanachanga pesa taslimu. Kote huko mdhamini halipwi kwa kukudhamini. California hali ni nyingine. Dhamana ni tawi la biashara ya bima, inauzwa kwa ada, na muuzaji lazima awe na leseni. Maswali yafuatayo ndiyo yanayoulizwa zaidi na wanaotaka kuingia kwenye kazi hiyo, pamoja na familia ambazo simu imewafikia saa nane za usiku kwamba ndugu yao yuko mahabusu.

Kwa nini leseni inatolewa na idara ya bima, si mahakama?

Kwa sababu karatasi inayopelekwa mahabusu ni ahadi ya bima. Kampuni ya bima inaiahidi mahakama kwamba mshtakiwa asipofika, yenyewe italipa kiasi chote cha dhamana. Kanuni ya Bima ya California, kuanzia kifungu cha 1800, inakataza mtu yeyote kufanya biashara hiyo bila leseni, na hata kampuni ya bima yenyewe hairuhusiwi kutoa dhamana ila kupitia mtu mwenye leseni. Msimamizi ni Idara ya Bima ya California. Hakimu hupanga kiasi cha dhamana, leseni hazimhusu.

Ukali huu una historia. San Francisco ndiko biashara ya dhamana kwa malipo ilikoota mizizi mwishoni mwa karne ya 19, mikononi mwa akina McDonough, ndugu waliokuwa na ofisi ya dhamana, na Ripoti ya Atherton ya mwaka 1937 ikaanika jinsi ofisi hiyo ilivyoshikana na rushwa ya polisi wa mji.

Kuna aina ngapi za leseni?

Nne. Kwenye rejista ya idara utazikuta kwa majina ya Kiingereza: Bail Agent, Bail Permittee, Bail Solicitor na Bail Fugitive Recovery Agent. Hapa tutaziita wakala, mwenye kibali, msaidizi wa wakala, na mkamataji wa watoro. Ukitaka kuzielewa haraka, jiulize jambo moja kuhusu kila mmoja: mshtakiwa akiruka dhamana, pesa itakayolipwa mahakamani ni ya nani?

Wakala anaruhusiwa kufanya nini?

Kutafuta wateja, kujadiliana nao, na kutoa dhamana kwa niaba ya kampuni ya bima iliyoruhusiwa kufanya kazi California. Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Leseni peke yake haimpi uwezo wa kuandika dhamana hata ya dola 500. Ni lazima kampuni ya bima iwe imewasilisha kwa idara taarifa ya kumteua, na uteuzi huo uwe hai. Kampuni ikiuondoa leo, leseni yake inabaki kwenye fremu ukutani lakini hana cha kuuza.

Baada ya uteuzi, kampuni humkabidhi hati za uwakili zenye namba, yaani karatasi zinazompa mamlaka ya kuifunga kampuni kwa dhamana anayoitoa. Kila dhamana hubandikwa hati moja, na kila hati ina kikomo chake cha fedha na tarehe ya mwisho ya kutumika. Hapo ndipo mawakala wapya wanapojikwaa. Dhamana ni dola 60,000, yeye ana hati za kikomo cha dola 50,000, anadhani akibandika mbili mambo yatakwenda. Karani wa mahabusu atamrudisha. Inabidi aombe kampuni hati kubwa zaidi, na wakati huo mteja ameshampigia wakala wa ng'ambo ya barabara. Kosa jingine ni hati iliyopitwa na tarehe kuonekana dirishani saa tisa za usiku. Hati hizo hutunzwa kama vitabu vya hundi: ikipotea moja unaripoti, ukiharibu moja unairudisha.

Jambo ambalo wengi wa nje hawalijui ni kwamba, kwa mkataba wa kawaida kati ya wakala na kampuni, hasara humwangukia wakala kwanza. Kampuni hulipa mahakama, kisha humdai yeye. Ndiyo maana sehemu ndogo ya kila ada huwekwa kwenye akaunti ya akiba kwa jina lake, na kampuni huichota akiba hiyo dhamana inapopotea. Wakala anayeandika dhamana kubwa huku akiba yake ni changa anacheza kamari, hata kama miezi sita ya kwanza imemnyookea.

Mwenye kibali anatofautianaje na wakala?

Nyuma yake hakuna kampuni ya bima. Anashughulika na dhamana ambazo hazitoki kwa kampuni hizo, kwa hiyo hahitaji uteuzi wala hati za uwakili, na mshtakiwa akitoroka hakuna wa kusimama mbele yake. Ni leseni adimu. Anayeanza leo, ushauri wetu ni leseni ya wakala. Mtaji unaohitajika kuziaminisha mahakama bila jina la kampuni ya bima si wa mtu wa kawaida.

Na msaidizi wa wakala?

Anafanya kazi kama mwajiriwa wa wakala au wa mwenye kibali, na kwa niaba yake tu. Anapokea simu za wateja, anajadili masharti, anajaza fomu, anapeleka karatasi mahabusu. Hawezi kufungua duka lake. Leseni ya mwajiri ikisimamishwa au kufutwa, na yeye kazi imesimama siku hiyo hiyo, hata kama hana kosa.

Watu huuliza kama karani wa ofisi naye anahitaji leseni hii. Anayefagia, anayepanga mafaili na anayeweka hesabu hahitaji. Anayemwambia mteja “dhamana hii itakugharimu kiasi hiki, tuletee hati ya gari” ameshaanza kufanya biashara ya dhamana, na bila leseni amevunja sheria. Mara nyingi wanaoponzwa ni mke, mume au shemeji wa wakala wanaopokea simu za usiku kwa nia njema.

Mkamataji wa watoro ni yule wa kwenye sinema?

Ndiye, ila wa kweli amefungwa kamba nyingi. Zamani mtu aliweza kuifanya kazi hii kwa cheti cha mafunzo na barua ya wakala. Tangu tarehe 1 Julai 2023, kufuatia mswada wa AB 2043, anatakiwa awe na leseni ya Idara ya Bima. Haimruhusu kuuza dhamana. Inamruhusu kumtafuta na kumkamata aliyeruka dhamana, kwa idhini ya maandishi ya wakala au kampuni iliyomdhamini.

Masharti yake yako kwenye Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 1299. Lazima awaarifu polisi wa eneo kabla ya kujaribu kukamata, na taarifa hiyo isitangulie tukio kwa zaidi ya saa 6. Akiarifu asubuhi na mtoro akaonekana usiku, anaarifu upya. Haruhusiwi kuvaa sare au beji ya kumfanya mtu adhani yeye ni polisi. Haruhusiwi kuvunja mlango ila kwa masharti ya kifungu cha 844, yaani kwanza aombe kuingia na aeleze sababu. Silaha haimo ndani ya leseni hii. Sheria za silaha zinabaki vilevile. Na akishamkamata mtu, ana saa 48 za kumfikisha mbele ya hakimu au mikononi mwa vyombo vya dola.

Wakala naye anaweza kumkamata mtoro wake mwenyewe, lakini sharti la mafunzo ya ukamataji linamhusu pia. Leseni ya uwakili tupu haitoshi.

Hatua za kupata leseni ya wakala ni zipi?

Uwe na umri wa miaka 18 au zaidi. Unasoma saa 20 za masomo ya awali kwa mtoa mafunzo aliyekubaliwa na idara, unafanya mtihani wa serikali, unachukuliwa alama za vidole kwa mashine, unawasilisha bondi ya leseni pamoja na maombi na ada. Halafu, kama tulivyosema, unatafuta kampuni ya bima ya kukuteua, na hatua hiyo ndiyo ngumu kuliko mtihani. Kampuni itaangalia mkopo wako, mali yako, na nani atakusimamia. Wengi huanza wakiwa wasaidizi kwa mwaka au zaidi, ili wajulikane.

Maombi hukwama zaidi kwenye swali la makosa ya zamani. Mtu ana kesi ndogo ya mwaka 2009, ilifutwa, anajibu “hapana”. Alama za vidole zinaileta. Idara humkatalia kwa sababu ya kudanganya kwenye fomu, ilhali kesi yenyewe pengine wangeisamehe. Soma swali linavyouliza: mara nyingi linataka hata zilizofutwa. Ambatisha nakala za mahakama na maelezo yako mwenyewe.

Anayetaka kutumia jina la biashara badala ya jina lake lazima jina hilo likubaliwe na idara kabla ya kuchapisha kadi. Majina yanayofanana na ya ofisi ya serikali hayapiti.

Wakala anatoza kiasi gani?

Kiwango ambacho kampuni yake imekisajili na kukubaliwa na idara. Kwa kawaida ni 10%. Kampuni nyingi zina kiwango cha pili cha 8%, kwa mfano kwa mteja ambaye tayari ana wakili wake binafsi. Kwa hiyo dhamana ya dola 50,000 ni ada ya dola 5,000, au 4,000 ukistahili kiwango cha pili. Ada hiyo hairudi hata kesi ikifutwa wiki inayofuata. Wasomaji wetu wengi hulalamika hapo, kwa kuwa nyumbani pesa ya dhamana hurudi kesi ikiisha. Inayorudi ni ile unayoipeleka mahakamani mwenyewe. Ada ya wakala ni bei ya huduma, imekwenda.

Juu ya ada, anaweza kudai gharama halisi na za lazima tu, kama kusajili rehani ya nyumba. “Ada ya faili” au “ada ya usiku” za kubuni hazikubaliki. Dai risiti inayotaja kila kitu kwa jina lake.

Tukilipa kwa awamu, anayesaini pamoja anabanwaje?

Anabanwa kwa mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya. La kwanza ni salio la ada. La pili ni kiasi chote cha dhamana mshtakiwa akitoroka. Shangazi aliyesaini kwa dhamana ya dola 50,000 akidhani anadhamini salio la dola 3,000 amejifunga kwa yote mawili.

Kuhusu salio la ada kuna nafuu. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ya California iliamua kwamba mikataba ya kulipa ada kidogo kidogo ni mikopo ya walaji, kwa hiyo anayesaini pamoja lazima kwanza apewe ile ilani ya kisheria ya wasaini wenza. Asipopewa, wakala hawezi kumdai salio hilo. Ilani huwa kwa Kiingereza, Kihispania na lugha nyingine chache. Kiswahili hakimo, basi tafuta wa kukusomea kabla kalamu haijagusa karatasi.

Rehani yetu inarudi lini?

Dhamana ikishaachiliwa na mahakama, na kama hakuna deni. Wakala anaishika kwa uaminifu, si mali yake: haruhusiwi kuichanganya na pesa zake wala kuiendesha gari yako Jumapili. Tatizo la kawaida ni la karatasi. Kesi imeisha, lakini wakala hajapata uthibitisho kutoka kwa karani, na rehani ya nyumba inabaki imesajiliwa kaunti miaka mitatu, hadi siku mnapotaka kuuza. Kesi ikiisha, mwombeni karani wa mahakama nakala ya amri ya kuachilia dhamana, mpelekeeni wakala wenyewe, kisha hakikisheni hati ya kuondoa rehani imesajiliwa.

Kuna mambo ambayo hakuna leseni inayoyaruhusu?

Yapo. Kutafuta wateja ndani ya mahabusu, gerezani, mahakamani au kwenye korido zake. Kumlipa askari, mfungwa au wakili ili akuletee wateja. Kumpendekezea mteja wakili fulani, hata ukiwa huna faida nayo. Familia ikiuliza, jibu la wakala ni “siruhusiwi kutaja jina”. Kutoa ushauri wa kisheria. Kuvunja masharti haya kunaweza kumfikisha mtu jela na faini ya hadi dola 10,000, mbali na leseni kufutwa.

Mshtakiwa asipofika, saa inaanza kuhesabu lini?

Hakimu hutangaza mahakamani, hadharani, kwamba dhamana imetwaliwa. Kwa dhamana inayozidi dola 400, karani ana siku 30 za kutuma notisi kwa kampuni ya bima na kwa wakala. Kuanzia hapo kuna siku 180, na 5 za nyongeza kwa kuwa notisi imekwenda kwa posta, ndiyo maana mawakala husema “siku 185”. Ndani ya muda huo mshtakiwa akirudishwa, dhamana huokolewa. Wakala anaweza kuomba muda uongezwe, hadi siku 180 nyingine, akionyesha kwa kiapo juhudi alizofanya. Ombi la kusema tu “bado tunamtafuta” hukataliwa. Jaji anataka tarehe, anwani zilizotembelewa, na aliyehojiwa.

Muda ukiisha, mahakama ina siku 90 za kuandika hukumu ya kulipa. Zikipita bila hukumu, haki ya kudai imepotea. Vivyo hivyo karani akichelewa kutuma notisi, au hakimu akikosa kutangaza papo hapo bila sababu ya kutosha, kampuni huponyoka. Kuna mawakili wanaoishi mjini kwa kusoma kumbukumbu za mahakama wakitafuta kosa la namna hiyo.

Kampuni ikikalia hukumu zaidi ya siku 30 bila kulipa, mahakama za California haziruhusiwi kupokea dhamana zake mpya. Mawakala wake wote hukosa kazi kwa deni la mmoja.

Wakala anaweza kumrudisha ndugu yetu ndani bila sababu?

Anaweza kumsalimisha kabla ya tarehe ya kesi, lakini kama mshtakiwa hakukosa kufika wala kuvunja amri yoyote, nendeni mahakamani. Kifungu cha 1300 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kuamuru ada irudishwe, yote au sehemu, akiona hapakuwa na sababu nzuri. Kuchelewa kulipa awamu moja ndiko kisingizio kinachotumika sana.

Ni lazima kumtumia wakala?

Hapana. Unaweza kuweka kiasi chote taslimu kwa karani na ukarudishiwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa amefika kila mara. Unaweza kuweka nyumba au shamba, ila thamani iliyobaki baada ya mikopo iwe mara mbili ya dhamana. Na kabla ya hayo yote, subiri uulize. Tangu Oktoba 2023, Kaunti ya Los Angeles huwaachia watu wengi wa makosa yasiyo ya ukatili bila pesa kabla ya kufikishwa mahakamani. Uamuzi wa Humphrey wa Mahakama ya Juu ya California, Machi 2021, nao unamtaka hakimu azingatie uwezo wa mtu kulipa. Kukimbilia kulipa dola 5,000 usiku, wakati asubuhi angetoka bure, hutokea kila wiki.

Kumbuka pia kuwa mahakama ikishuku pesa ya dhamana imetokana na uhalifu, inaweza kuzuia mtu asitoke hadi chanzo kithibitishwe. Mchango wa jamaa ishirini kwa pesa taslimu, bila rekodi, huibua maswali hayo. Changeni kupitia benki.

Leseni hizi zinahusu dhamana ya uhamiaji?

Hiyo ni nyumba nyingine. Dhamana ya mtu aliyeshikwa na maofisa wa uhamiaji ni mkataba na serikali kuu, hutumia fomu I-352, na kiwango cha chini ni dola 1,500. Mwenye hadhi halali nchini anaweza kuilipa mwenyewe bila wakala. Na angalia: ndugu anaweza kulipiwa dhamana ya jinai, kisha badala ya kutoka akachukuliwa na uhamiaji. Ada ya wakala haitarudi. Mpigieni wakili wa uhamiaji kwanza.

Leseni ya California inafanya kazi Texas au Illinois?

Haifanyi kazi. Kila jimbo lina sheria zake. Texas, kaunti kubwa zina bodi zake za dhamana zinazotoa leseni. Illinois, Kentucky, Oregon na Wisconsin hazina biashara hii kabisa, na Illinois imefuta dhamana ya pesa tangu Septemba 2023.

Nitahakikije kwamba huyu ni wakala kweli?

Mwombe namba ya leseni na uitafute kwenye tovuti ya Idara ya Bima. Angalia mambo matatu: aina ya leseni, kama iko hai, na kampuni iliyomteua. Mtu anayejiita wakala huku rejista ikimtaja kama msaidizi, muulize mwajiri wake ni nani na umpigie huyo. Jina la kampuni kwenye karatasi utakayosaini lilingane na la kwenye rejista.

Leseni ya wakala wetu imefungiwa kesi ikiendelea. Ndugu yetu atakamatwa?

Hapana. Dhamana ni ya kampuni ya bima, nayo bado inawajibika hadi mahakama iiachilie. Iandikieni kampuni moja kwa moja, mkitaja namba ya hati ya uwakili iliyoko kwenye dhamana, na mwulizeni nani sasa anashika rehani yenu. Kama aliyetoa dhamana alikuwa mwenye kibali, hakuna kampuni ya kuiandikia. Hapo nendeni kwa wakili na kwa Idara ya Bima siku hiyo hiyo.